Tarehe ya Wino Mwekundu

Fundi cherehani ana namna yake ya kutongoza. Injinia alipeleka yadi tatu za kitambaa cha manjano ashonewe gauni la kawaida tu, mkono mfupi, zipu mgongoni. Akaambiwa arudi Alhamisi. Alhamisi akaambiwa kesho. Kesho yake akaambiwa keshokutwa, tena kwa upole mpaka akajikuta anaomba radhi yeye kwa kuja mapema. Sasa imetimia miezi minane na gauni hajaliona. Alichopata ni kigoda chake mwenyewe karibu na dirisha la duka, mpenzi mwenye pini mdomoni, na kazi ya pili ya kuandika programu ya simu juu ya ile ya ofisini.

Huyo mpenzi ndiye mtaa mzima unamwita Keshokutwa. Jina alilopewa na mama yake limeandikwa kwenye leseni ya duka, ukutani, na hakuna anayelisoma.

Programu ilikuwa wazo lake Keshokutwa. Kompyuta kwake ni kitu cha kufutwa vumbi, na mstari mmoja wa programu hawezi kuuandika hata umshikie mkono. Lakini alizunguka kwa mafundi wenzake kumi na mmoja, akawauliza nini kinawanyima raha, akaandika majibu yote kwenye daftari. Wote walisema yale yale: vipimo vinapotea, wateja wanapiga simu kutwa nzima. Akachukua karatasi ya kaki ya kuchorea ruwaza za nguo, akakata vipande vya ukubwa wa simu, kila kipande akachora skrini moja kwa penseli, akavibandika ukutani kwa pini. Kutoka kila kitufe akavuta uzi mwekundu mpaka kwenye skrini inayofuata. Ukuta ukawa kama nyumba ya buibui mwenye mipango.

Siku Injinia alipouona ukuta ule kwa mara ya kwanza alisimama akifuata uzi mmoja baada ya mwingine kwa kidole, mpaka Keshokutwa akadhani anachekwa.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Nani anifundishe? Nguo haichaniki katikati ya mgongo, inachanika mkono unapokutana na mwili. Nikasema na programu lazima ina kwapa."

Injinia alimwangalia yule mwanamume mwenye tepu shingoni na chaki sikioni. Siku hiyo ndiyo alipoteza hamu ya kulidai gauni lake kwa ukali.

Skrini zilikuwa arobaini na mbili. Injinia alizipunguza zikabaki nne: mteja, vipimo, tarehe, ujumbe. Keshokutwa aliomboleza kila kipande kilichotolewa ukutani. "Umekata kola," alikuwa akisema. "Umekata mifuko. Hii sasa ni nguo au gunia?" Injinia alikuwa akimjibu, "Kwanza ivalike. Kola tutaweka toleo la pili."

Wakafika mwisho. Programu ikapewa jina, Mshono, na toleo la majaribio likaingizwa kwenye simu ya fundi, na ndani yake wateja halisi ishirini na mmoja wa duka lile. Injinia alijiandika mwenyewe mteja namba moja. Jumatatu ilikuwa ndiyo siku ya kuituma kwenye duka la programu, dunia nzima iione.

Ijumaa asubuhi Injinia aliomba ruhusa kazini, akaja na kompyuta begani na picha tano za mwisho za kuambatanisha. Akakuta karatasi mpya ukutani.

"Hii nini?"

"Ya tano," Keshokutwa akasema, akijifanya anatunga uzi. "Ndogo tu. Haina hata uzito."

Injinia akaisogelea. Skrini imegawanywa katikati. Upande mmoja tarehe ya wino wa bluu, upande mwingine tarehe ya wino mwekundu. Chini yake kitufe kimoja kikubwa, kimepambwa pembeni kwa mshono wa kuchora.

"Kisingizio," akasoma. Akageuka. "Kitufe cha kisingizio?"

"Sikiliza kwanza. Wewe hujui biashara hii. Mteja akiingia, unamwambia tarehe ya bluu, ili atulie, aache kitambaa. Wewe mwenyewe unaweka tarehe nyekundu, ile ya kweli, ambayo nguo itakwisha. Daftari langu lina safu mbili tangu nianze kazi. Sasa bluu ikifika na nguo haijaisha, fundi anabonyeza hapo, programu inatuma yenyewe. Umeme umekatika. Uzi wa rangi hiyo umeadimika. Fundi ana mafua. Ukibonyeza tena, unapata kingine."

Nyuma ya mashine ya kushonea pindo, Dada yake Keshokutwa akacheka mpaka akakosea mstari. Dada huyu ni mkubwa wake kwa miaka sita, ndiye anayeweka vifungo na zipu, na mdomo wake hauna pindo. "Mwongezee na msiba, wifi," akasema. "Shangazi yetu mmoja amekufa mara nne humu ndani, na jana kanipigia simu."

Injinia hakucheka. "Siandiki programu ya uongo."

"Siyo uongo. Ni akiba ya muda."

"Ni uongo uliopigwa pasi."

"Bila hiyo hakuna fundi atakayeitumia. Nakwambia kama fundi."

"Na mimi nakuuliza kama mwanamke." Injinia aliweka kompyuta yake juu ya meza ya kukatia, taratibu. "Mimi umeniandikia tarehe ipi? Ya bluu au nyekundu?"

Cherehani ya Dada ikasimama.

"Gauni lako liko mbioni," Keshokutwa akasema.

"Sisemi gauni."

Alijua kwamba hasemi gauni. Mara tatu alikuwa ameahidi kwenda kwao kujitambulisha kwa Shangazi aliyemlea Injinia. Mara tatu yule mama alifagia ua, akatoa viti nje, akakaa akiangalia njia. Na huyu Shangazi si wa kuchezewa. Mkunga mstaafu, amezalisha wanawake wa kata nzima, na alikwisha sema wazi kwamba hamtaki mwanamume anayeshika viuno vya wanawake kutwa na kudanganya waume zao kuhusu tarehe.

"Mara ya kwanza ulisema kazi nyingi," Injinia akasema. "Mara ya pili mafua. Mara ya tatu umeme umekatika. Umeme, wewe. Ulikuwa unakuja kwetu kwa waya?"

"Mwisho wa mwezi huu nakuja."

"Mwezi gani?"

Keshokutwa akainama kuokota pini. Ukweli ulikuwa rahisi, na ndiyo maana ulikuwa mgumu kutoka. Miaka ishirini anapima watu, mabega, kifua, urefu wa mkono. Kila akifikiria siku ya kukaa kwenye kile kiti uani apimwe yeye, na mtu asiyemhitaji, anatafuta nguo nyingine ya kushona. Mtu akimwona amepungua, ataongezwa vipi? Badala ya kusema hivyo, akasema, "Nitakuja tu. Keshokutwa hivi."

Ndilo neno lililomtoka, jamani. Miaka yote limemzoea, likatoka lenyewe.

Injinia alirudisha kompyuta kwenye mkoba. Hakupaza sauti, ingekuwa nafuu angepaza. "Jumatatu nitaituma programu yako, kwa sababu mimi nikitaja siku, namaanisha siku. Baada ya hapo tutakuwa tumemalizana. Kuna kitu kuhusu zile jumbe nilitaka kukuonyesha leo." Akamtazama kwa kitambo, yale macho yake ya kahawia yakimpitia usoni kama mtu anayekagua chumba kabla ya kuhama. "Basi. Haina maana."

Akatoka. Kigoda cha dirishani kikabaki na alama ya mkao wake kwenye mto, mto ambao Keshokutwa alimshonea kwa siku moja.

"Hongera," Dada akasema. "Umemkata kwa mkasi wa moto."

"Niache, Dada."

"Nikuache uende wapi? Hebu nionyeshe hiyo programu yenyewe tuliyopoteza wifi kwa ajili yake."

Keshokutwa akatoa simu. Orodha ya wateja ikafunguka, ishirini na mmoja, kila jina na duara dogo jekundu pembeni, na neno Bado.

"Mbona nyekundu tupu? Kama surua."

"Nguo ikiisha unabonyeza, inageuka kijani."

"Hebu."

Akabonyeza la kwanza. Duara likawa kijani, na neno likawa Imekwisha. Lilipendeza. Alikuwa na huzuni, na mtu mwenye huzuni akipata kitu kimoja kinachopendeza hukirudia. Akabonyeza la pili. La tatu. Akashuka nayo orodha yote mpaka mwisho, mpaka simu nzima ikawa kama bustani baada ya mvua.

Hapa ndipo ufundi ulipomponza. Nguo haishonwi moja kwa moja. Kwanza unapiga bandi, ile mishono mirefu ya uzi mweupe, hafifu, ya kushikiza tu. Unamvisha mteja, unaangalia, ukiona haijakaa unavuta uzi, shuu, nguo imerudi vipande kama haikuguswa. Katika maisha yake yote Keshokutwa hakuwahi kuona kitu cha majaribio kisichofumuka. Kwa hiyo alipokwisha kufurahisha macho, akabonyeza tena moja moja, yote yakarudi kuwa mekundu, akaweka simu mfukoni, akashika suruali ya mhasibu.

Mwenye suruali akawa wa kwanza kuingia. Amevaa tai, anahema.

"Nimekimbia wakati wa chai," mhasibu akasema. "Sikuamini. Nimemwonyesha mpaka bosi wangu."

"Umemwonyesha nini?"

Mhasibu akageuza simu yake. *Habari. Nguo yako imekwisha. Karibu uichukue leo. Fundi wako.*

Keshokutwa akaangalia simu, akaangalia suruali mkononi mwake, yenye mguu mmoja.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo, "kumbe zinakwenda."

Wa pili alikuwa mwalimu wa chekechea. Wa tatu na wa nne, mapacha wa saluni ya jirani, walikuja wameshikana mikono. Akaja muuza maua na ndoo yake. Akaja dereva wa gari la wagonjwa, akaliacha nje linawaka taa. Kufikia saa sita mchana duka lile, ambalo watu watano wakiingia lazima mmoja akae juu ya mashine, lilikuwa na wateja kumi na saba, na furaha yao ilikuwa ya kutisha kuliko hasira.

"Waambie umeme," Dada akanong'ona.

"Taa zinawaka."

"Mafua."

"Nimewasalimia wote kwa sauti nzima."

Akapiga simu kwa Injinia. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena.

Ndipo watu wa mlangoni walipopishana wenyewe, bila kuambiwa, namna watu wanavyompisha mtu aliyezoea kupita kwenye vyumba vilivyojaa. Mama mmoja mfupi, viatu vya ngozi visivyo na vumbi, mkoba umebanwa kwapani. Wiki tatu zilizopita alikuja mwenyewe na kitambaa cha rangi ya zambarau, akakiweka mezani, akasema, "Nishonee. Nitakujua hapo hapo." Akaambiwa Jumamosi.

"Shikamoo, Shangazi," Keshokutwa akasema.

"Marahaba. Nimepata ujumbe kwamba umemaliza siku moja kabla. Nikasema nije nione muujiza."

Watu wakanyoosha shingo kuelekea mezani. Gauni la zambarau lilikuwa pale pale mezani, mbele yake, vipande viwili vya mbele, mgongo, na mikono ambayo haijajua bega lake. Mdomo wa Keshokutwa ulikuwa umejaa. Uzi wa zambarau umeadimika, Shangazi. Ni maneno matano tu, na aliyasema maisha yake yote. Yalikuwa yamejipanga mstari nyuma ya meno, yanasubiri mlango.

Akakiona kigoda cha dirishani.

Akapanda juu ya sanduku la vitambaa, daftari mkononi.

"Ndugu zangu," akasema. "Hakuna nguo iliyokwisha. Hata moja. Nilikuwa najaribu programu mpya, nikabonyeza nisipopajua, kosa ni langu. Umeme haujakatika. Sina mafua. Na yule shangazi yangu aliyekufa anawasalimu."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia.

"Humu ndani nina tarehe mbili za kila mtu. Ya bluu niliwaambia. Nyekundu ndiyo ya kweli, nayo sijawahi kumsomea mtu. Leo nasoma. Asiyeitaka achukue kitambaa chake, simlaumu."

Akasoma, sauti ikikwaruza. Mhasibu, Jumatano. Mwalimu wa chekechea, Ijumaa ijayo. Mapacha, Jumanne, mmoja asubuhi na mwingine jioni.

"Ijumaa ijayo?" mwalimu akasema. "Si ungesema hivyo tangu mwanzo. Sherehe yenyewe ni mwezi ujao. Unajua nimekuja hapa mara ngapi na watoto arobaini wananisubiri?"

"Afadhali wewe, mie nimeacha mgonjwa," dereva akasema. Watu wakamgeukia. "Amepona," akaongeza. "Namrudisha kwao."

Muuza maua alichukua kitambaa chake, akakikunja vizuri, akaenda bila kusema neno, na hilo lilimuuma Keshokutwa kuliko matusi. Lakini wengine waliandika tarehe zao kwenye viganja, kwenye simu, wakatoka wakibishana, na mhasibu akampiga bega akisema Jumatano ni siku nzuri sana, hana tatizo na Jumatano.

Akabaki Shangazi.

"Yangu."

"Jumanne, Shangazi. Niliposema Jumamosi nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kwamba ukisikia Jumanne utaondoka na kitambaa. Na mengine yote."

Shangazi akakaa kwenye kigoda cha dirishani, akaweka mkoba mapajani. "Nimezalisha wanawake miaka thelathini na mmoja. Mtoto anachelewa, nimeona wengi. Unamwambia mama ukweli: mtoto amechelewa, tusubiri, mimi niko hapa. Mama anasubiri. Mama anayedanganywa ndiye anayevunja mlango." Akamwangalia juu mpaka chini, polepole, na kweli ilikuwa ni kupimwa, mabega, kifua, urefu wa mkono. "Mtoto wangu analia ndani ya gari. Kaniendesha kuja hapa na hataki kushuka."

"Analia kwa sababu ya asubuhi?"

"Analia kwa sababu na yeye amepata ujumbe."

Keshokutwa akahesabu kimoyomoyo. Ishirini na mmoja. Mteja namba moja. Alibonyeza wote.

Mlango ukafunguka kabla hajausogelea. Injinia alikuwa ameosha uso, lakini macho hayaoshiki. Alinyoosha simu yake mbele, kama risiti.

"Miezi minane," akasema. "Siku nakwambia tumemalizana, ndiyo siku gauni langu limekwisha. Asante kwa haraka yako. Nimekuja kulichukua."

"Nilikosea kubonyeza. Nilibonyeza watu wote."

"Najua. Nimewasikia nje, wanacheka. Kwa hiyo na langu ni uongo pia. Halijaguswa."

Hapo Keshokutwa angeweza kuitikia kwa kichwa, mambo yakaisha. Dada alikuwa anamtazama. Shangazi anamtazama. Sanamu la kuvalishia nguo, lisilo na kichwa, nalo lilikuwa limemwelekea.

"La," akasema. "Wako ndio ujumbe pekee uliokuwa wa kweli."

Akaenda nyuma, akavuta pazia la chumba cha kujaribia, akasogeza makoti mawili ya mvua. Gauni la manjano lilikuwa limening'inia ndani ya mfuko wa nailoni, na mabegani mwa mfuko vumbi limelala kama unga. Kwenye kola kuna kikaratasi kimebanwa kwa pini. Wino mwekundu.

Injinia akakisoma. Akakisoma tena.

"Hii ni Alhamisi ile ya kwanza."

"Nililimaliza Jumatano," Keshokutwa akasema. "Alhamisi ulipoingia ukauliza limekwisha, nikaona ukilichukua utakwenda zako, hutarudi. Nikasema kesho. Kesho yake ukaja na nywele umezisuka upya. Sasa mtu atafanyaje?"

"Miezi minane."

"Nilikuwa nafuta vumbi mwanzoni."

"Mimi nilidhani la mteja aliyehama mji," Dada akasema. "Nilikuwa karibu kuligawa."

Injinia aliketi juu ya sanduku la vitambaa, gauni mapajani, mkono mmoja mdomoni. Hakuna aliyejua kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua. "Na mimi," akasema hatimaye, bila kumtazama, "nilikwisha nunua kitambaa kingine. Cha kijani. Kipo kabatini tangu mwezi wa pili. Nilisema hili likiisha, nitaleta hicho."

Shangazi akakohoa. "Livae basi, tuone."

Akaingia nyuma ya pazia. Wote watatu wakasikiliza zipu ikipanda, ikifika kiunoni, ikisimama.

"Halifungi," sauti ikatoka.

"Umenenepa," Dada akasema. "Chai za hapa hizo, wifi."

Keshokutwa alisogea hadi kwenye pazia, asilifungue. "Kwa ndani, ubavuni, shika mshono. Unaona kitambaa kimezidi? Niliacha vidole viwili kila upande. Nafumua, nashona upya, nusu saa."

"Kwa nini uliacha kingi hivyo?"

"Nilitarajia utakaa."

Nyuma ya pazia zipu ikashuka. Kisha mkono wa Injinia ukatoka pembeni ya pazia, ukamshika kwenye tepu ya shingoni, ukamvuta karibu kidogo tu, kiasi cha mtu kunong'onezwa. Alichonong'onezwa ni chao. Ila Shangazi alikohoa tena, safari hii kwa nguvu.

"Fundi. Nusu saa yako imeanza."

Ilichukua dakika ishirini na nane, Shangazi akiiangalia saa yake ya mkononi yote ishirini na nane. Injinia alipotoka amevaa manjano, Keshokutwa alisahau kuondoa pini mdomoni, akatabasamu nazo. Hakuona mkunjo hata mmoja wa kurekebisha, na si kwa sababu haukuwepo.

Ndipo akaenda ukutani. Akaitoa ile karatasi ya tano, yenye tarehe mbili na kitufe cha kisingizio, akafungua uzi wake mwekundu, akauzungusha kwenye kibiringo cha nyuzi. "Tarehe moja," akamwambia Injinia. "Mteja aione ile ile ninayoiona mimi. Na kabla ujumbe haujaenda, programu iulize mara mbili: una hakika?"

"Hilo la kuuliza ndilo nililotaka kukuonyesha asubuhi," Injinia akasema. "Limo tayari, lilikuwa linasubiri kuwashwa tu." Akafungua kompyuta juu ya meza, katikati ya vipande vya zambarau. "Naiweka na tarehe moja. Na kwa nini tungoje Jumatatu?"

Alifanya kazi saa mbili, Keshokutwa akishona pembeni yake mikono ya gauni la Shangazi, kila mmoja akisikia mashine ya mwenzake. Mwishowe Injinia akamsogezea kompyuta. "Bonyeza wewe. Ni wazo lako."

Akafuta chaki kidoleni kwa suruali. *Una hakika?* skrini ikauliza. Akamwangalia Injinia. Akabonyeza.

"Watatujibu lini?"

"Wanasema siku tatu."

"Siku tatu za bluu au za nyekundu?" Dada akauliza.

Shangazi alikuwa amesimama, mkoba kwapani, anajiandaa kutoka. Keshokutwa aliona viatu vile vikigeukia mlango na akajua kwamba jambo moja halijasemwa, na kwamba safari hii hakuna wa kumsemea. Akachukua simu yake, akafungua Mshono iliyorekebishwa. Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu. Akaulizwa kama ana hakika. Alikuwa nayo.

Mkobani mwa Shangazi simu ikalia. Mama akavaa miwani, akasoma kwa sauti, kama anavyosoma karatasi ya kliniki.

"Mteja: Shangazi. Kazi: kuja nyumbani kujitambulisha. Tarehe: Jumapili hii, saa nne asubuhi. Hali: bado." Akaishusha miwani. "Mara tatu nimetoa viti nje, kijana. Hii nayo utaisogeza?"

Keshokutwa akatikisa kichwa.

"Hawezi, Shangazi," Injinia akasema, akilainisha pindo la gauni lake la manjano. "Tarehe ikishatumwa inafungwa. Sijaiwekea kitufe cha kusogeza."

Shangazi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kisha akatoa kalamu mkobani, akafunua kiganja chake cha kushoto, akaandika saa nne kwa herufi kubwa. Wino wa kalamu ulikuwa mweusi, rangi ambayo Keshokutwa hakuwahi kuitumia kwenye daftari lake.